Amiyanti ya Nyumba Yangu

Mimi mudomo yangu haina breki, soko yote ya Kamembe inajua. Ukiniletea bei ya ovyo ku sambaza zangu, bale samaki badogo ba ziwa, nitakutaja wewe, nitaje na babu yako. Kwa hiyo mutashangaa nikiwaambia kwamba kuna siku ine nilinyamaza, na ni zile siku ine nilipashwa kusema.

Nyumba yangu iko hapa Kamembe, ku njia ya kushuka kwenye ziwa. Marehemu Wenceslas, bwana yangu, aliinunua wakati tulitoka Bukavu kurudia Rwanda. Ni nyumba ya wakati wa Babeleji. Mabati yake si ya chuma, ni amiyanti, yenye bengine banaita asbesto, ile ya kijivu, nzito, inafanana na simenti. Wenceslas alikuwa anajisifu nayo: "Mvua inyeshe mawe, wewe unalala tu." Na kweli, nililala vizuri miaka karibu makumi tatu. Uwineza, mutoto wangu mumoja, aliolewa akitokea ndani yake. Wenceslas naye alitokea ndani yake kwenda kuzikwa.

Kisha barua ya serikali ikakuja. Amiyanti yote itoke mbele ya mwisho wa mwezi wa sita. Nyumba yenye itabakia nayo itafungwa na mwenyewe atoke. Niko na miaka makumi sita na moja, siko na nyumba ingine. Nitoke niende kulala kwa mukwe?

Jumanne, muntu wa kampuni ya kutoa amiyanti akakuja kupima. Jina lake Niyomugabo, mwanaume ya adabu, viatu safi. Alipanda ngazi, akahesabu mabati makumi nane na mbili, akakaa ku meza yangu akaandika devis, karatasi ya bei. Mimi, sawa muntu yote, nilianza kusoma chini, pale jumla iko. Milioni moja na elfu makumi nane.

"Pamoja na mabati mapya?"

"Ile ni mbali, Maman."

Ku SACCO nilikuwa na milioni moja na laki mbili. Ilikuwa inatosha mabati mapya, basi. 

"Papa, munatoa mabati, ao munayazika na padri na kwaya?"

Akacheka. "Tunayazika kweli, Maman." Akanieleza polepole. Bafanyakazi bake banavaa manguo ya kutupwa. Banamwangia mabati maji, banatoa musumari mumoja mumoja, hakuna kuvunja hata kipande. Kisha banafunga na plastiki, banapeleka ku shimo yenye serikali inajua. "Ile bei si ya kushusha. Kushusha, hata mulevi anaweza. Ile bei ni ya kufanya mavumbi yasiruke." Akasema mavumbi ile haionekane, inaingia mu mapafu, inakaa pale miaka makumi mbili, makumi tatu, kisha siku moja muntu anaanza kukohoa na hakuna dawa. "Yakiwa pale juu, mazima, hayana neno kubwa. Usiyaguse. Na usiache muntu ayaguse."

Ilikuwa saa ine ya asubuhi. Nilisikia vizuri. Masikio yangu ni mazima.

Jumatano, Papa Byiringiro, mukubwa wa mudugudu wetu, akapita kunisalimia. Akaona karatasi ku meza, akapiga mulunzi.

"Milioni! Kwa kushusha mabati? Hawa ni bezi! Maman Uwineza, Jumamosi ni umuganda, kazi ya mudugudu muzima. Tulipanga kuchimba mufereji, lakini mufereji itangoja. Mujane wetu hatafukuzwa mu nyumba na sisi tuko na mikono. Kidole kimoja hakivunji chawa."

Yeye alijua tu kwamba serikali haitake tena ile mabati. Hakuna muntu alimwambia kwa nini. Mimi nilijua. Jibu lilikuwa hapa, ku ulimi. Nikapiga hesabu: makumi sita na moja, uongeze makumi tatu. Makumi kenda na moja! Mungu mwenyewe atakuwa amenisahau duniani. Nilijihesabia miaka yangu peke yake. Kisha nikasema: "Aksanti, Papa. Mungu awabariki." Na kazi ya umuganda, kwetu, jirani akikupatia hauikatae. Nilijificha nyuma ya ile.

Jumamosi balikuja bantu makumi ine na kitu, na marteau za kungolea misumari, na machuma. Bababa juu, bamama chini, na batoto benye hakuna muntu aliwaita. Ile nyimbo! Mabati mingine ilishuka muzima, mingine ilianguka pa! ikapasuka. Mavumbi ikawapaka bote, ukasema ni bantu ba ku mashine ya unga. Odette, jirani yangu wa ngambo ya ua, lupango yake inagusana na yangu, alikuja na mutoto wake Mahoro, miaka sita. Kale katoto kalikuwa kanabeba vipande ku kichwa, kanavitupa, kanarudia mbio, kanatafuta kusifiwa. Nikakasifu.

Saa sita paa ilikuwa imeisha. Nikatoa urwagwa, pombe yetu ya ndizi, nikatoa sambaza. Na kwa sababu bantu hawaagwe mikono mitupu, mabati yenye ilibakia mizima nikaigawa: huyu kwa kuku zake, huyu kwa nguruwe, Odette mabati ine kwa jikoni yake ya inje. Balifurahi sana. Nilicheza pia. Ndiyo, nilicheza.

Jumatatu Niyomugabo akarudia kusikia jibu. Akasimama ku mulango wa lupango, hakuingia. Akavaa kitu ku pua kwanza.

"Nani alifanya hii?"

"Umuganda."

Hakukasirika. Ningependa akasirike, kwa makelele mimi niko fundi. Alizunguka nyumba akitazama chini, akaandika devis ya pili akisimama. Udongo wa lupango yote ukwanguliwe kiganja kimoja kwenda chini. Plafond, dari yote, itupwe, magodoro yatupwe, ukuta usafishwe. Milioni mbili na laki saba.

"Na tena, Maman, nilihesabu makumi nane na mbili. Hapa naona kama nusu. Ingine yote nataka nijue iko wapi, twende kuitoa. Bila ile siwezi kukusainia cheti. Bila cheti, nyumba inafungwa."

Nikatia sahihi. Nilijua palepale kwamba nitauzisha shamba ya ndizi ya Mibirizi, yenye Wenceslas aliniachia, na sikusikia kitu. Nilitia sahihi sawa muntu anayenunua kitunguu. Nilikuwa sawa mukono wenye umeulalia usiku: unauona ni wako, lakini hauko.

Nikaanza kuzunguka manyumba. Kwa Papa Byiringiro nilisema: "Kampuni inadai mabati yake. Muiache pale iko, musiiguse, batakuja na camion kuibeba."

"Hata takataka banataka!" Akacheka mpaka akashika kiuno. Nikacheka naye. Nyumba ya pili nikasema uongo uleule. Ya tatu haikunisumbua hata kidogo.

Kwa Odette, mabati ine ilikuwa tayari juu ya jikoni. Alikuwa anakaanga ndizi. Mahoro alikuwa anapiga magoti ku simenti ya baraza, anaandika na kipande ya amiyanti, kwa maana inaandika sawa chaki. Alikuwa ameandika jina yake mara mbili na alikuwa anaanza ya tatu. Mavumbi ilijaa mu herufi. Akainama, uso karibu na chini, akaipuliza.

"Maman Uwineza, karibu, kaa."

"Mahoro, tupa ile," nikasema. "Tupa! Nenda unawe."

Odette akaniangalia. "Kuna nini?"

Nikamwambia yote. Nilimwambia mustari kwa mustari, sawa ninamusomea devis: mavumbi, mapafu, kikohozi, hakuna dawa. Sauti yangu haikutetemeka, na hiyo njo ilinitia haya kuliko yote.

"Ulijua lini?"

"Jumanne."

"Jumanne gani?"

"Ya mbele ya umuganda."

Mafuta ikaanza kuungua, hakuna aliyeitoa. Nilingoja anitukane. Niliomba, ee Mungu, huyu mwanamuke anitukane, anitemee hata mate. Akavuta Mahoro katikati ya magoti yake, akachukua ncha ya kitenge akaichovya mu maji, akaanza kumupangusa mikono, kidole kimoja kimoja.

"Alisema miaka ngapi?"

"Makumi mbili. Makumi tatu."

Midomo yake ikatembea bila sauti.

"Makumi tatu na sita," akasema. "Atakuwa na batoto."

"Ndiyo."

"Na kwa bengine kule, umewaambia hivi?"

"Hapana. Nilisema kampuni inadai mabati."

"Rudia kule," Odette akasema, hakunitazama tena. "Rudia, uwaambie."

Nikarudia. Papa Byiringiro aliniona ku njia, akaanza kucheka nikiwa ningali mbali. "Hawa bezi balisahau nini tena?" Nikaingia. Nikamwambia azime redio kwanza, aite bibi yake na batoto bote.