Fremu ya Bi Lụa

Kikundi cha akina mama wazee wa mtaa mmoja mjini Sa Đéc kilikuwa na ngoma kubwa moja tu, na kwa miaka tisa Bi Quế ndiye aliyeipiga kila sikukuu ya mwezi mpevu. Mwaka huu wakakubaliana kupiga kura. Majina yote yangebandikwa ubaoni, kila mtu atie alama mbele ya jina analolitaka, na mwisho ni saa kumi jioni. Orodha akapewa Bi Lụa aichape, maana ndiye peke yake aliyemaliza darasa la kompyuta.

Bi Lụa aliitaka ngoma ile mpaka akaiota. Lakini jina lake lilikuwa la ishirini na tatu, limebanwa katikati ya wenzake kama dagaa.

"Nani atafika huku chini, na miwani yenyewe ile?" akanung'unika.

Akazinenepesha herufi za jina lake. Likawa kama mtu anayefoka. Akalipigia mstari chini. Likafanana na kosa la mtoto wa shule. Mwisho akakizungushia kile chumba cha jina lake kwenye jedwali mstari pande zote nne, mnene, mweusi tii. Aa! Likakaa kama bibi harusi mlangoni. Akachapisha, akabandika asubuhi, akarudi zake nyumbani kupika supu tamu ya mbegu za yungiyungi.

Kufika saa sita akasikia kilio getini. Akachungulia dirishani: Bi Quế huyo, na wenzake saba nyuma, kila mmoja na shada la krisanthemu nyeupe, maua ya msibani.

"Nani tena kafa?" akajiuliza, na papo hapo mwiko ukamponyoka. Mwaka jana, Bi Cúc alipofariki, si yeye mwenyewe aliyelizungushia jina la marehemu fremu nyeusi kwenye orodha? Kila marehemu wa kikundi huwekwa hivyo. Uzuri ulikuwa umemziba macho. Na nani atampigia kura maiti?

Alitaka kutoka mbio. Kisha akasikia wageni wameshaingia ndani, na sauti ya Bi Quế, akajibanza nyuma ya pazia la mlango wa jikoni.

"Lụa, dada yangu, nisamehe," Bi Quế alikuwa akilia sebuleni. "Nilijua unanizidi. Mkono wako ukitua kwenye ngoma, hata tumbo langu linacheza. Mimi nimeing'ang'ania kwa ubishi tu."

"Kweli kabisa," akaitikia mmoja. "Ulikuwa unatupigia kama mtu anayefukuza kuku."

"Nawe usizidishe!"

Pazia likafunguka. "Rudia hapo pa kunizidi, shoga," akasema Bi Lụa. "Sikio hili la kushoto halikupata vizuri."

Mashada yakaruka. Mmoja akapanda juu ya kiti. Bi Quế akamfinya mkono kuhakikisha una joto.

"Mwehu wewe! Fremu ile ya nini?"

"Nilikuwa najipamba."

"Basi nafuta maneno yangu! Nilimwambia marehemu!"

"Marehemu kasikia. Na mashahidi saba."

Wakanywa supu, wakacheka hadi wakashika mbavu, kisha wakaandamana wote kwenda ubaoni. Bi Lụa alikuwa ameshachapa orodha mpya, majina yote sawasawa, yake bila mstari hata mmoja. Saa kumi ikapigwa. Kura kumi na tisa zake, Bi Quế sita, na moja ya sita hizo alijipigia mwenyewe, hakuficha.

Usiku wa sikukuu, Bi Quế akamkabidhi vijiti vya ngoma huku kanuna kidogo.

"Kitendawili!" akasema Bi Lụa.

"Tega, utuondolee balaa."

"Nyumba yangu ina kuta nne, haina mlango, nami nimetoka."

"Chumba cha jina lako hicho, bibi wee," akajibu Bi Quế. "Piga ngoma, kabla sijakurudisha ndani!"