Ncha Iliyopotea

Barakoa thelathini za wodi ya wazazi zilikuwa tayari mezani, na wifi mkunga alikuwa njiani kuja kuzichukua, fundi alipofungua kikebe cha sindano akakuta kipande. Nusu ya sindano ya cherehani: kichwa kipo, ncha hakuna.

Waliokalia cherehani hiyo asubuhi ni wawili tu, yeye na mama mkwe wake, naye mama mkwe alikuwa amejiinamia anakata nyuzi.

"Mama, sindano imevunjika?"

"Imevunjika. Nikaweka nyingine."

"Na ncha yake?"

Mama mkwe akakata uzi mwingine. Aliogopa jambo moja tu, kuambiwa akapumzike. Tangu macho yaanze kumsumbua, nyumba nzima ilikuwa hodari wa kumpumzisha, utadhani kaburini hakuna mapumziko ya kutosha. Fundi alilijua hilo, na bado hasira zilimpanda. Ncha ile ingeweza kuwa ndani ya barakoa mojawapo, inangoja shavu la mzazi mwenye uchungu.

"Basi tugawane," akasema. "Kumi na tano mimi, kumi na tano wewe. Tupapase kila mshono."

Fundi alizibana zake kati ya vidole, pindo kwa pindo, huku akiomba achomwe. Hakuchomwa. Alikuwa kwenye ya kumi mama mkwe alipozisukuma zake mbele.

"Zote safi. Na kwa macho yangu haya haya mabovu. Wewe endelea, haraka haraka haina baraka."

Hodi ikapigwa. Wifi aliingia anahema. "Wifi, niwekee kwenye mfuko. Nimeacha wazazi watatu wananingoja."

"Chukua hizi kwanza, zimekaguliwa," mama akamwambia binti yake.

Wifi akachukua ya juu, akaigeuza. "Mbona zina madoa?"

Kitambaa kilikuwa shuka jeupe, halina hata ua. Fundi akaitazama ile ya juu, akaona doa jekundu pindoni. Ya pili, doa. Ya tatu pia. Akaushika mkono wa mama mkwe, akaufungua. Ncha ilikuwa imezama kwenye kidole gumba, damu imeshuka mpaka kiganjani.

"Mama, husikii?"

"Nasikia vizuri tu. Kibovu ni macho, masikio hayana neno."

Hasira zikamwisha fundi palepale, hofu ikakaa mahali pake. Kidole kile kilikuwa kimekufa ganzi, na ndicho kilichokagua barakoa kumi na tano.

Wifi akaweka mfuko chini. Akaibana ile ncha kwa kucha, akaichomoa taratibu, akimtazama mama yake usoni. Uso haukukunjamana hata kidogo.

"Mbona mnanitazama hivyo?" mama akauliza. "Nimeharibu ngapi?"