Jino la Futi

Mama fundi cherehani alikubali kumtunza yule nyoka kwa ubishi, wala si kwa mapenzi. Mwanawe wa pekee, anayefunga lifti kwenye majengo marefu, alipata kazi ya miezi kadhaa katika mji wa mbali, na nyumbani kwake alikuwa na chatu mdogo aliyemlea tangu akiwa mwembamba kama kamba ya kiatu. Mke wa kijana huyo alisema waziwazi kwamba kubaki peke yake na nyoka ndani ya nyumba moja hakuwezekani. Hakueleza sababu. Alisema tu, "Siwezi," akaendelea kukunja nguo.

Habari zilipomfikia fundi kwenye cherehani yake, alicheka kwa pua. Yeye na mkwe wake hawakuwahi kugombana, lakini hawakuwahi kuzoeana pia. Mkwe alikuwa mwalimu wa chekechea, mwanamke wa maneno machache, ambaye akija kusalimia alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Fundi alimwona ana maringo.

"Mlete kwangu," alimwambia mwanawe. "Nimekulea wewe, na ulikuwa unauma kuliko huyo."

Basi chatu akaletwa na sanduku lake la kioo, taa yake ya joto, na koleo refu la kumlishia. Aliitwa Futi, kwa kuwa kijana alisema anafanana na ile futi ya kupimia nguo inayoning'inia shingoni mwa mama yake mchana kutwa. Panya wa kumlisha, waliokwisha kufa na kugandishwa, walikaa kwenye friji ndogo ya peke yake, maana fundi aliapa kwamba kitoweo chake hakilali jirani na panya.

"Mama, usimlishe kwa mkono," kijana alimsihi siku ya kuondoka. "Ukigusa panya, nawa kabla hujamsogelea. Akisikia harufu ya panya mkononi mwako, kwake huo si mkono tena. Na ukishamshika yeye, nawa pia."

"Ndiyo, ndiyo," alijibu fundi, kwa ile sauti anayowajibu wateja wanaotaka kumfundisha kushona.

Kaka yake fundi alikuwapo siku hiyo. Huyu aliwahi kuwa mwamuzi wa mpira, na ingawa alistaafu zamani, mtaa mzima bado unamwita Refa. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Dada, mimi nakwambia mapema. Siku huyo mdudu akikugusa, namkata vipande. Hakuna kadi ya njano."

Mwanzoni fundi alimhudumia Futi kama anavyomwagilia ua la jirani aliyesafiri. Lakini nyumba yake ilikuwa kimya tangu mumewe afariki, na kiumbe chochote kinachoinua kichwa ukiingia chumbani kina namna ya kukuteka. Akajikuta anamsimulia habari za wateja: nani kanenepa lakini anataka vipimo vya mwaka jana, nani kaleta kitambaa cha shuka akidai ni suti. Futi alitoa ulimi, akaurudisha. Fundi aliona hiyo inatosha kabisa kuwa mazungumzo.

Asubuhi aliyong'atwa, alikuwa na haraka. Alikuwa na kazi ya majoho ya kwaya, mengi, na kola zake zilikuwa za kukunjwa mara mbili. Siku hiyo Futi alitakiwa kula. Fundi alimtoa panya aliyeyeyuka kwenye bakuli kwa vidole vyake, maana koleo alikuwa ameliacha chumba cha kushonea, alikolitumia kuvutia bobini, kile kigurudumu cha uzi, iliyodondokea nyuma ya cherehani. Akaona maji ya Futi yamechafuka. Nibadilishe kwanza haya maji, alijisemea, akaingiza mkono.

Hakumwona akija. Aliona tu kwamba Futi ameshakishika kidole gumba chake cha kulia, na mwili wote umezunguka kifundo cha mkono. Maumivu hayakuwa makubwa. Ni kama kuchomwa na sindano nyingi kwa pamoja, na sindano fundi alizizoea. Kilichomponza ni hofu. Aliuvuta mkono kwa nguvu zake zote, hadi meno yale membamba, yaliyopinda kwa ndani, yakachana ngozi. Futi akaachia, akarudi pembeni kujikunja.

Damu ilitoka nyingi kuliko alivyotarajia. Aliupitisha mkono kwenye bomba kidogo tu, bila sabuni, akachana ukanda wa kitambaa kilichobaki kwenye majoho, akakifunga kidole kwa kukaza. Halafu akaketi kwenye cherehani. Angekuwa mtu mwingine, angepiga yowe. Lakini amwambie nani? Refa angekuja na panga. Mwanawe angeacha kazi arudi. Na mkwe wake, yule aliyesema "Siwezi," angekaa ukingoni mwa kiti na kunyamaza, na kimya hicho fundi asingeweza kukivumilia.

Kesho yake kidole kilikuwa kizito. Kilichofuata baada ya hapo ni mapigo: alipoacha kushona, alikisikia kidole kikidunda chenyewe kama kina moyo wake. Kikajaa, ngozi ikang'aa, joto likapanda hadi kwenye kiganja. Fundi alijikaza kisabuni. Alibadilisha kitambaa kwa kitambaa kingine kutoka kapu la vipande, akameza vidonge vya maumivu, akasukuma majoho kwa mkono wa kushoto. Kola zikaanza kwenda upande.

Jumamosi mchana mkwe wake alikuja kumjulia hali kama kawaida yake. Alileta matunda, akayaweka mezani, akaketi. Fundi alimsalimia mkono wa kulia ukiwa chini ya joho.

"Mama, mbona unatetemeka?"

"Feni hiyo."

Mkwe alitazama feni. Ilikuwa imezimwa. Alinyanyuka, akasogea, na mara hii hakuwa yule mtu wa ukingoni mwa kiti. Alikuwa mwalimu aliyeona mtoto ameficha kitu mdomoni.

"Toa mkono."

"Nini?"

"Mama, toa mkono huo nje ya nguo. Taratibu."

Fundi, mwanamke wa umri wake, akautoa. Mkwe alikifungua kile kitambaa, na harufu iliyotoka ikawafanya wote wawili wageuze nyuso. Kidole kilikuwa kimevimba na kutoa usaha. Mkwe hakuuliza ni kitu gani. Alitazama tu mlango wa chumba cha nyuma. Kisha akaenda bombani, akanawa mikono yake kwa sabuni kwa muda mrefu sana, akaita teksi.

Kwenye zahanati, daktari aliyewapokea alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, mwenye tabia ya kuuliza jambo moja mara mbili.

"Nyoka gani? Una hakika? Una hakika kabisa?"

Mkwe alimwonyesha picha kwenye simu. Daktari alitikisa kichwa kukubali.

"Chatu hana sumu, hilo ni kweli. Mngekuwa hamumjui, ningetaka muwe mmefika hapa dakika ileile. Lakini kukosa sumu si kuwa safi, mama. Mdomo wa nyoka umejaa vijidudu, na meno yake yanaviingiza ndani kabisa, halafu tundu linajifunga juu. Wewe ukalifunga zaidi. Ulinawa kwa sabuni?"

Fundi alitazama ukuta.

"Tungeanzia hapo. Maji yanayotiririka na sabuni, dakika kadhaa, bila huruma. Kisha kitambaa safi, kisichobana. Kisha mguu wako unakuleta hapa."

Alimchoma sindano ya ganzi, akafungua kidonda, akakikamua na kukiosha. Fundi alikodolea macho dari. Akasikia kitu kidogo kikigonga sahani ya chuma.

"Huyu hapa mchawi wako," daktari alisema. Kilikuwa kijino chembamba kama ncha ya sindano iliyovunjika. "Angebaki humu, ungemeza dawa mpaka uchoke."

Akampa sindano ya pepopunda, akamwandikia dawa za kuua vijidudu na kumkanya asiziache njiani hata akijisikia mzima. Mwisho alichukua kalamu ya wino, akachora mstari mkononi mwa fundi pale uvimbe ulipoishia.

"Uvimbe ukivuka mpaka huu, au ukapata homa, au ukaona mchirizi unapanda mkononi, usingoje kupambazuke. Njoo." Akavua glavu. "Na huyo nyoka, hata asipouma, ngozi yake na sanduku lake vina vijidudu vya kuharisha. Kwa mtu mzima ni tumbo tu. Nyumbani kuna mtoto mchanga? Kuna mjamzito?"

"Hakuna," alisema fundi.

"Yupo," alisema mkwe. "Mimi."

Daktari alitazama huyu, akatazama yule, akakumbuka kwamba ana mgonjwa mwingine.

Walikaa kwenye benchi la nje kusubiri dawa. Fundi alikuwa ameuinua mkono wake uliofungwa kama mwanafunzi anayeomba ruhusa.

"Ndiyo maana ulisema huwezi," fundi alisema mwishowe.

"Nilisoma mahali kwamba si vizuri kuwa karibu nao. Nikaogopa." Mkwe alikuwa anakunja pindo la kanga yake, anakunjua. "Kabla ya huyu alikuwapo mwingine. Hakukaa. Hatukumwambia mtu. Nikamwomba mume wangu safari hii tunyamaze mpaka nione kweli anakaa."

"Na ulipoteza mtoto, mimi nikiwa hapa hapa?"

"Ulikuwa unashona sare za shule, mama. Ulikuwa na kazi nyingi."

Fundi alikumbuka kipindi kile. Alikumbuka kwamba mkwe hakuja kusalimia, na kwamba yeye alilisema jambo hilo kwa watu.

"Ungeniambia," alisema taratibu.

"Na kidole ungeniambia."

Hakulisema kwa ukali. Muuguzi alipowaita wachukue dawa, walinyanyuka wote wawili kwa pamoja.

Tatizo likabaki: nani atamhudumia Futi, nani atafunga kidonda? Mkwe alijitolea, fundi akakataa katakata. "Wewe chumba kile hukanyagi. Hata mlangoni." Akampigia simu Refa, akamweleza kila kitu bila kupumua, na kabla kaka yake hajasema habari ya panga, akamaliza: "Ukimkata, usinijue. Nahitaji mikono yako, sio kelele zako."

Refa alikuja amevaa viatu vya mpira hadi magotini. Alishika koleo lile kwa mikono miwili, akalinyoosha hadi mwisho, akageuza uso pembeni. Futi akamchukua panya kwa adabu zote.

"Amemeza!" Refa alipiga kelele. "Dada, amemmeza mzima! Kichwa kwanza! Hakutafuna!" Baada ya hapo hakuhitaji kuitwa. Alikuja mwenyewe, na viatu vya mpira akaviacha kwake.

Kidonda alikifunga Refa pia, kwa maelekezo ya simu. Kila alasiri, watoto wa chekechea wakishaondoka, mkwe alipiga.

"Mjomba kanawa? Kwa sabuni? Usaha upo? Mstari wa daktari uko wapi?"

"Uko palepale. Uvimbe umerudi nyuma yake."

"Dawa?"

"Nimemeza, mwalimu."

Siku moja fundi alimsikia akicheka. Akagundua kwamba hakuwahi kukisikia kicheko kile tangu mkwe aolewe.

Majoho alimpa fundi mwenzake wa mtaa wa pili, na cherehani ikanyamaza. Kwenye ukimya huo alikaa mbele ya sanduku la kioo, akawaza. Alitaka kumkasirikia Futi, akashindwa. Futi hakukosea lolote. Alisikia harufu ya panya, akakamata panya. Aliyejua yote na asinawe ni yeye, kwa haraka zake. Na aliyejua kwamba kidole kinaoza na asiseme ni yeye pia.

Kidole kilipona, ila ncha yake ilipoteza hisia. Zamani aliitambua hariri na pamba kwa kugusa tu, huku anaongea na mteja. Sasa ilibidi atazame. Daktari alisema huenda hisia zikarudi, huenda zisirudi.

Mwanawe aliporudi, akiwa ameshasimuliwa yote na mkewe, alikuwa tayari na maneno ya kuomba radhi. Fundi alimkatiza.

"Mtafutie Futi mtu anayewajua hawa viumbe. Si kwa sababu ya kidole. Mjukuu wangu atakuja kutambaa kwenye sakafu hii, na mimi nimejiona nilivyo: siku moja nitakuwa na haraka tena."

"Utamkumbuka, mama."

"Nitamkumbuka sana. Mchukue."

Rafiki wa kijana, aliyefuga nyoka kadhaa, alikuja kumchukua. Refa alisimama njiani mpaka gari lilipokata kona, akapangusa jasho ambalo halikuwa usoni kwake, bali machoni. Fundi alikiosha chumba kile kwa dawa, sakafu na kuta, akafungua madirisha. Kisha akaoga, akabadilisha nguo zote, akaenda nyumbani kwa mkwe wake, ambako hakuwa ametia mguu kwa muda mrefu.

Alibisha hodi. Mkwe alifungua, mkono mmoja kiunoni, tumbo likiwa limeshajitokeza waziwazi.

"Shikamoo, mama. Nionyeshe kwanza."

Fundi alinyoosha kidole gumba. Mkwe akakishika, akakigeuza upande huu na ule kwenye mwanga wa mlangoni, akakibonyeza taratibu kwenye ncha.

"Unasikia?"

"Hapo sisikii. Hapa chini, ndiyo."

"Basi ingia," mkwe alisema, bila kukiachia.