Maji ya Mahali

Dokta Nabilah alinipigia simu saa saba mchana kutoka Mombasa, alikokwenda mkutanoni.

"Mzee Khisa, chupa ya tatu, hiyo maji imechoka. Toa nusu, weka maji ya bahali."

"Ya mahali? Ya hapa hapa?"

"Eeh, iko hapo kwa kona. Mpole mpole tu, Mzee."

Simu ikakatika. Kwenye kona kuna sinki. Nikafungua bomba.

Mimi si msomi. Niliishia darasa la tano kule Bungoma. Kazi yangu hapa Kyambogo, Kampala, ni kufagia maabara, kuangalia taa zisizimike, na kuwapa wadudu wa bahari chakula tone kwa tone. Maji huyabadilisha Dokta mwenyewe. Kwa kazi hiyo nimepewa chumba nyuma ya jengo, na humo ndimo tulimoishi mimi na mke wangu Nerima miaka tisa. Sigiri yake ya makaa iko pale pale alipoiacha. Wiki iliyopita mkurugenzi alisimama mlangoni na funguo zake, hata salamu hakuna. "Dokta anasafiri. Chupa ya tatu ikifa, wewe na vyombo vyako mnahama." Wakubwa ndivyo walivyo. Chupa si yake, jasho si lake, lakini kufukuza ni kwake.

Dokta alinieleza hizo chupa kwa upole, kama anamweleza baba yake. Ya kwanza ina vimea vidogo visivyoonekana kwa macho, na ndani yao vichembe vya rangi vinavyopika chakula kwa mwanga. Ya pili ina mdudu anayevila vimea hivyo. Anasaga kila kitu tumboni, ila vile vichembe havigusi. Anaviweka, naye anaanza kuishi kwa mwanga kana kwamba alizaliwa mmea. Ya tatu ina mwizi wa mwizi. Huyo humtoboa wa pili kwa mrija, anamfyonza, na vichembe vile vile vinahamia kwake.

"Amemla mwenye nyumba, jiko ameacha linawaka," nilimwambia Dokta. "Kama wakubwa wetu."

Alicheka mpaka akafuta miwani. "Lakini lile jiko linachoka, Mzee. Hajui kulitengeneza. Asipokula tena, anakufa polepole."

Saa tisa niliweka jicho kwenye hadubini, kama alivyonifundisha. Siku zote wale wa chupa ya tatu huzunguka kama pia ya mtoto. Sasa walikuwa wamevimba, wamesimama. Mmoja alipasuka nikimtazama, na vichembe vyake vya rangi vikatawanyika majini, havina mwenyewe.

Niliinama chini ya sinki kutafuta kitambaa, nikaona jerikeni ya njano. Nikafungua, nikachovya kidole, nikalamba.

Chumvi.

Bahali. Bahari! Dokta wangu, mtoto wa Kisenyi yule, kila asubuhi ananiambia "habali ya leo" na kila asubuhi namcheka.

Sadik, askari wa geti, alinikuta nimekaa sakafuni na kidole mdomoni.

"Mzee, umeanza kulamba sakafu? Chakula kimeisha?"

Nikamweleza. Akakuna kidevu.

"Sema umeme ulikatika. Kampala hii nani atabisha? Umeme hauna mdomo, bwana."

Kweli, nani angebisha? Neno lilikuwa tayari ulimini. Ndipo nikamkumbuka yule mkubwa wa wodi hospitalini, mwaka juzi, alivyonisimamisha koridoni. "Pole Mzee, umeme ulikatika, mashine ya hewa ikazima." Taa ilikuwa inawaka juu ya kichwa chake wakati anasema. Nerima yuko ndani, amefunikwa shuka. Nilimtazama yule mtu, nikatazama taa, nikasema asante. Asante! Mpaka leo sijui mke wangu aliuawa na nini.

Nikampigia Dokta, nikakosea namba mara mbili.

"Dokta, wanakufa. Umeme upo. Ni mimi, nimeweka maji ya bomba."

"Mzee! Si nilisema bahali?"

"Hiyo bahali yako, binti yangu, niliisikia mahali."

Nilimsikia akivuta pumzi, kama anataka kucheka na kulia pamoja. "Sikiza. Wale wanaotikisika, wavute na kile kidondoshi cha chakula, uwaweke kwa maji ya jerikeni. Halafu uwape chakula kutoka chupa ya pili. Taa usizime."

"Watapona?"

"Sijui, Mzee. Na mkurugenzi lazima nimwambie. Sasa hivi. Nitamwambia na kosa la ulimi wangu pia."

Ulimi wake una shahada. Wangu una chumba cha kupoteza.

Kwenye hadubini niliwapata wanne tu wanaotikisika. Niliwahamisha mmoja mmoja, jasho likinidondoka, Sadik akishika taa ya simu. Nikaongeza tone la chupa ya pili. Wale wa chakula waliruka huku na huku. Wangu wanne walikaa tu. Wawili wakaacha kabisa kutikisika.

Kisha mmoja aligeuka, taratibu. Akamgusa wa chakula aliyepita karibu, akamnasa. Mrija ukatoka, mwembamba kuliko uzi wa buibui, na nikaiona rangi ikianza kutembea ndani yake.

"Mzee," Sadik alinong'ona, "anakuja."

Funguo za mkurugenzi zililia koridoni. Jicho langu sikuliinua. Rangi ilikuwa imefika nusu ya mrija.