Piano Isiyo na Kitufe

Mimi sikumwamini Miss Yuna tangu siku piano yake ilipoteremshwa kwenye lori, na nasema hivyo mapema ili mtu asije akadai nilibadilika njiani. Mtu anatoka Korea na piano nzito kama kabati la mama mkwe, anakuja hapa Bahati kufundisha watoto wa wakulima wa mahindi, halafu anasema ni kwa ajili ya Bwana, bure. Bure! Baba yangu alikuwa mtu wa reli, nimezaliwa Nakuru mjini, na kitu cha bure huwa nakizunguka mara mbili kabla sijakigusa.

Mwalimu mkuu wetu, Madam Jerotich, alikuwa anacheka hadi jino la mwisho. "Mwalimu Khaemba, kuja uwe wa kwanza kuipiga!" Nikaketi mbele ya walimu wote. Nikatafuta kile kitufe juu, pembeni, hata chini ya kifuniko. Wapi! Hakikuwepo.

Hapa lazima niseme ukweli. Miaka kumi na tisa nimepiga kinanda cha stima shuleni na kanisani, na najua kii moja tu, yaani ngazi moja ya sauti, ile ya C, ya vibao vyeupe. Watu wetu hawangoji kinanda. Mama anasimama, anaanzisha pambio pale koo lake limeamkia, na mpiga kinanda anamfuata mbio. Wengi wetu tuna dawa moja: unabonyeza kitufe cha kupandisha au kushusha ngazi ya sauti, vidole vinabaki palepale, na watu wanasema huyu ana kipawa. Sasa hii piano ya Miss Yuna haikuwa na kitufe. Nikapiga pambio moja kwa C, nikasimama haraka nikisema mgongo unaniuma.

Miss Yuna alikuwa ananitazama vidole. Kisha akatoa daftari la bluu akaandika.

Tangu hapo, kila nikipiga kinanda changu, yule dada yuko nyuma na daftari. Anaandika nini? Na kila asubuhi, "Shikamoo, Mwalimu," Kiswahili cha kitabu kabisa. Hapa Bahati nani huamkia hivyo? Nilijua ananichezea. Nilimjibu "poa" nikapita.

Mara tatu akaniambia, "Mwalimu, saa kumi, watoto wakienda, tuketi mimi na wewe kwenye piano?" Tuketi tufanye nini? Anipime vizuri? Kandarasi yangu ilikuwa inaisha Desemba, bodi ndiyo ingeamua, na shule ndogo kama yetu haihitaji walimu wawili wa muziki, hasa mmoja akiwa wa bure. Nikamwambia nina kazi.

Siku moja akaacha daftari wazi kwenye dirisha la ofisi ya walimu, akaenda kuchukua chai. Nikachungulia. Juu kulikuwa na jina langu, KHAEMBA, na chini yake safu za nambari. Moja, tatu, tano. Mbili, moja, nne. Ukurasa mzima, hakuna hata moja iliyopita tano. Mimi ni mwalimu. Nambari chini ya jina la mtu najua ni nini. Alama! Ati huyu msichana wa juzi ananisahihisha, ananipa moja kwa tano, na ripoti inaenda kwa bodi.

Nikaenda kwa Mama Cheruto, mwenyekiti wa wazazi. Huyo ukimwambia jambo asubuhi, mchana linajulikana hadi kwa wauza viazi wa barabarani. Sikumdanganya. Nilimuuliza tu.

"Mama, umesikia zile nyimbo Miss Yuna anafundisha watoto? Hazina maneno."

"Hazina maneno aje?"

"Hakuna hata neno moja. Sasa mimi najiuliza, wimbo usio na maneno unamsifu nani?"

"Uuui, Mungu wangu!" Akashika kifua, na papo hapo akatafuta simu.

Wiki hiyohiyo kukaitwa mkutano. Pasta Gedion, mwenyekiti wa bodi, akamuuliza Miss Yuna mbele ya wazazi: hizo nyimbo zinamsifu nani? Maskini, akafikiria vizuri, halafu akajibu kwa kile Kiswahili chake, "Hazimsifu mtu. Ni mazoezi ya vidole." Ukumbi mzima ukaguna. Pasta akanigeukia.

"Mwalimu Khaemba, wewe ndiye mtu wa muziki hapa. Kuna ubaya?"

Nilijua hakuna. Hilo sitajificha. Nikasema, "Pasta, mimi siwezi kusema kitu kwa uhakika."

Miss Yuna akaambiwa arudi kwa ofisi ya misheni yao Nairobi hadi mambo yachunguzwe. Aliaga watoto mmoja mmoja. Kwangu akainama kidogo. "Shikamoo, Mwalimu. Kitu chako kiko ndani ya kiti cha piano." Kitu changu gani? Nikaona huo ni mtego mwingine, na kile kiti sikukigusa.

Siku ya maombi ya watahiniwa ikafika. Wazazi walijaa hadi mlangoni, wengine wametoka Kuresoi alfajiri. Valarie, mwenye sauti kuliko wote kwenye kwaya, akasimama mbele. Mimi niko kwa kinanda changu, kidole karibu na kitufe. Stima ikapotea, kinanda kikazima.

"Si kuna piano!" Madam Jerotich akasema kwa furaha. "Hiyo haitaki stima. Mwalimu, hamia huko."

Nikahamia. Valarie akaanzisha pale koo lake lilipoamkia. Nikagusa C, wimbo haukuwa hapo. Nikajaribu juu, nikajaribu chini, ikawa kelele tupu. Mtoto akanyamaza, akaanza upya, akanyamaza tena, machozi yanamlengalenga. Huko nyuma mtu akacheka.

Nikasimama nikafungua kifuniko cha kiti, ili tu nipate pa kuinamisha uso. Daftari la bluu lilikuwa humo. Ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa kama za mtoto wa chekechea, alikuwa ameandika: "Mwalimu Khaemba, haya ni mapambio yako katika sauti ya Valarie. Nambari ni vidole. Moja ni gumba, tano ni kidole cha mwisho. Tuanze polepole. Sitamwambia mtu yeyote."

Sitamwambia mtu yeyote. Nilisoma hayo maneno mara mbili, nimesimama mbele ya umati. Mkono wa binadamu una vidole vitano, ndiyo maana hakuna nambari iliyopita tano. Na mimi nilikuwa nimemwambia Mama Cheruto.

"Kuna shida, Mwalimu?" Pasta Gedion akauliza.

"Iko," nikasema. "Sijui kupiga hii piano. Mimi najua kii moja tu, ile nyingine yote ni kitufe. Miss Yuna aligundua siku ya kwanza, akanyamaza, akaniandikia masomo. Zile nyimbo zake hazina ubaya wowote. Mimi ndiye niliyeeneza hayo maneno."

Kandarasi yangu niliiona ikienda. Madam Jerotich aliangalia chini. Mama Cheruto, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliirudisha simu mkobani.

Nikamwambia Valarie aimbe bila kinanda. Nikatoka na daftari hadi kwenye tangi la maji, nikapiga simu Nairobi kabla moyo haujanigeuka. Iliita sana. Nilianza kutumaini hatashika.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema.

Miezi mitano nilikuwa nikimjibu poa. Jibu lenyewe nalijua, hata mtoto wa gredi ya kwanza analijua, lakini ni jibu la mtu mzima anayestahili kuheshimiwa, na lilikataa kunitoka. Ndani watoto walikuwa wameanza kuimba.

"Miss Yuna," nikasema, "gumba ni moja?"

"Ndiyo, Mwalimu. Gumba ni moja."