Chuma cha Kupimia Mchanga

"Siku hizi mnapimia wapi?" Muthama aliuliza, mdomo umejaa muthokoi wa mahindi na maharagwe.

Kalondu alikuwa amesimama mlangoni akimtazama anavyokula, na mwanamke akimtazama mumewe namna ile baada ya miaka thelathini ya ndoa, ujue ana njaa isiyo ya chakula. Mwanaume alikuwa amekaa nyumbani siku tatu. Tatu mfululizo! Alikuwa amekaza bawaba za mlango wa jikoni, amepogoa mchungwa, na amekoroma kwa sauti ambayo Kalondu aliilalamikia kila asubuhi huku akimwomba Mungu asiiondoe.

"Tunapimia pale mwenye chuma anapochagua," alisema mwishowe.

"Na mwenye chuma ni wewe."

"Ni mimi."

Muthama akaitikia kwa kichwa, akaendelea kula.

Chuma chenyewe kilikuwa kimeegeshwa ukutani: chuma cha ujenzi cha futi kumi, kimekatwa alama kwa msumeno kila futi moja. Kikundi cha Ngwatanio, kinachoulinda mto, kilimkabidhi Kalondu miaka sita iliyopita, na si kwa sababu ya nguvu zake. Siku ya kwanza walipopima mchanga wa mto, mwenyekiti alitaka kuwafurahisha wageni wa kaunti, akasema, "Tuseme tu futi mbili." Kalondu akasema mbele ya wageni wote kwamba ni futi moja na inchi nne, na mwenyekiti akitaka mbili aende akazilete. Watu walicheka wiki nzima. Tangu hapo, Kalondu akitaja kina cha mchanga, hakuna anayemuuliza mara ya pili.

Mto wenyewe unaitwa Kiangini. Mgeni akiuona mwezi wa nane atauliza mto uko wapi, maana haoni ila mchanga mkavu unaopinda kati ya vichaka hadi mto Athi. Maji yako ndani ya mchanga huo. Ukichimba kwa mikono unayapata, safi, hata miezi minne baada ya mvua. Hivyo ndivyo mama zao waliishi, na bibi zao.

Kisha malori yakaja kutoka barabara kuu, yakapitia Kambu, yakauzoa mchanga wote ukaenda kujenga maghorofa. Ulibaki mwamba mtupu. Mvua ikinyesha maji yalipita mbio kama mtu anayekimbia deni, na kingo zikaanguka pamoja na migomba ya watu. Akina mama wakawa wanaenda na punda hadi Athi kwenye mamba. Na aliyekuwa na koleo la kasi kuliko wote katika kupakia malori hayo, tusifichane, alikuwa Muthama. Alikuwa kijana, ana mtoto mchanga, Kasiva, na kazi nyingine haikuwepo. Mchanga ulipoisha na kazi ikaisha, akashuka Mombasa kwa binamu zake wachongaji, akafungua kibanda cha vinyago kwenye ufuo mmoja kaskazini mwa mji.

Mwanzoni alikuja kila Krismasi. Baadaye Krismasi moja ndiyo, nyingine hapana. Halafu ikawa simu, na simu nayo ikawa na matatizo ya mtandao, kama simu za waume wengi walio mbali.

Huku nyuma Kalondu na wenzake walikaa barabarani mbele ya malori. Walienda ofisi za kaunti mpaka askari wa geti akawajua kwa majina. Walichimba matuta kwa mwethya, leo shamba langu, kesho lako, wakajenga ukuta wa mawe na saruji kukinga mto, na mvua baada ya mvua mchanga ukarudi kidogokidogo. Wakaweka sheria yao wenyewe: hakuna koleo la kuuza litakaloingia Kiangini mpaka sehemu tatu zipimwe, na kila moja ifike futi sita.

Sasa Muthama alikuwa amekuja kuomba mchanga. Bahari ilikuwa imekichukua kibanda chake, ufuo ulikuwa unaliwa, na yeye ndiye katibu wa kikundi cha watu wa kule wanaotaka ufuo urudishwe. Mkandarasi alikuwa tayari. Malori yanayopanda na mizigo kutoka bandarini yangerudi na mchanga badala ya kurudi matupu. Alihitajika mtu wa kusimamia upakiaji, mtu anayejua mto.

"Miezi sita, Mama Kasiva," alikuwa amemwambia siku aliyofika. "Nitalala hapa kwangu. Na baada ya hapo, nani anajua."

Maneno hayo Kalondu alienda nayo shambani, akaenda nayo mazoezi ya kwaya, akawa anakosea wimbo anaoujua tangu utotoni. Alimtaka mumewe. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, alikuwa amezoea kitanda kipana na chai ya kikombe kimoja, na alikuwa amechoka kuzoea.

Saa nne mkutano ulianza mtoni. Walikuja watu kama hamsini, wakakaa ukingoni kwenye kivuli kidogo cha migunga. Mwenyekiti Jonah Kitheka aliomba kwa kirefu, kisha akampa Muthama nafasi.

"Mimi mnanijua," Muthama alisema. "Wengine kwa jina, wengine kwa koleo."

Watu wakacheka. Hata wazee waliokuwa hawajamsamehe walicheka.

"Huko kwetu," akaanza, akasita. "Huko ninakokaa." Lakini Kalondu alikuwa ameshalisikia la kwanza, na lilimchoma. "Kulikuwa na mistari miwili ya mivinje kati yetu na maji. Imelala yote. Kibanda changu kilikuwa hatua sitini kutoka baharini. Asubuhi moja nilifika nikakuta twiga wangu wa mbao wanaelea. Kuna mama mmoja jirani, mwaka jana alihamisha kaburi la mamake kwa mikono yake, kwa sababu mawimbi yalikuwa yamefika kwenye miguu ya marehemu. Nilimsaidia kubeba."

Akawageukia wazee.

"Tumeandika barua. Tumekaa kwenye lango la ofisi kama mlivyokaa nyinyi, na ni kwenu nilijifunza. Tumepanda mikoko pale ilipokubali. Lakini ufuo unataka mchanga. Mimi nimeona mchanga ukiisha mara mbili katika maisha yangu. Wa hapa niliumaliza mimi. Nisaidieni niurudishe wa kule."

Kalondu aliinamisha kichwa ili watu wasione uso wake. Alikuwa akijivunia. Hajawahi kumsikia akikiri mbele za watu, na sasa amekiri vizuri hivyo, bila kujitetea. Kando yake Kavindu, jirani yake anayebeba daftari la vipimo, alipangusa macho kwa ncha ya leso.

Kitheka akainuka. "Tumekusikia, na tumeumia nawe. Lakini sheria tuliiweka hata kwa ndugu zetu. Sehemu tatu, futi sita. Zikifika, mtapewa mchanga wa msimu mmoja. Zisipofika, tutaomba radhi. Mama Kasiva, shuka."

Kalondu akashuka na chuma, Kavindu nyuma yake.

Sasa kuna jambo moja kuhusu Kiangini. Katikati ya mto, chini ya mchanga, mwamba umepasuka ukaacha handaki la hatua ishirini. Kwa juu huoni kitu. Muthama alilijua kwa sababu ndiye aliyelichimba hadi chini enzi zile. Kalondu alilijua kwa sababu ya chuma, na kila msimu alilikwepa, maana lina mchanga mwingi na mto mzima hauna. Kipimo cha pale ni kama kupima unene wa mtu kwenye tumbo la mja mzito.

Alitembea. Akajiambia anatafuta tu mahali ambapo hapajakanyagwa na ng'ombe. Akajiambia hakuna sheria inayotaja handaki, na kweli haikuwepo, kwa sababu mwenye chuma alikuwa yeye na hakuna aliyefikiri ingehitajika. Akasimama, akakita chuma, akakikandamiza kwa uzito wa mwili wake wote. Kikashuka, kikashuka, bila kugusa kitu.

"Futi nane," alisema.

Ukingoni watu wakanong'ona. Wengine waliomba iwe hivyo, maana maneno ya kaburi yalikuwa bado yanawakaa moyoni. Kavindu akaandika. Aliandika taratibu, kama mtu ambaye kalamu yake inakaribia kuisha wino.

Kalondu akapiga hatua saba, bado juu ya handaki, akakita tena. Jasho lilimtiririka mgongoni. Alipoinua macho alimwona Muthama amevua kofia. Hakuwa anamwangalia yeye, alikuwa anaangalia paa la nyumba yao kule juu ya kilima, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyekwisha kufika. Kalondu akaona miezi yote sita kwa mkupuo: buti zake mlangoni, vikombe viwili, mtu wa kumwambia leo mbuzi amezaa.

"Saba na nusu."

Kavindu hakuandika. Kwa miaka sita alikuwa ameandika kila neno la Kalondu kabla halijaisha kutoka kinywani.

"Niandike?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Ni hilo tu. Hakumlaumu, hakumkazia macho. Aliuliza kama mtu anayemuuliza rafiki yake kama ana uhakika anataka kuvuka barabara. Na Kalondu akatambua kwamba Kavindu angeandika. Akiambiwa andika, angeandika, na kesho wangeenda pamoja kuchuma mbaazi kama kawaida, na wasingelitaja kamwe.

Kalondu akachomoa chuma. Akatoka kwenye handaki, akaenda hatua tano upande wa kulia, hatua tano tu, akakikita. Kikazama kidogo, kikalia kwenye mwamba kiasi cha kusikika ukingoni. Alama ya nne ilikuwa bado iko juu, inawaka jua.

"Andika tatu," alisema, kisha akapaza sauti. "Na hizo mbili za kwanza zifute. Nimepimia kwenye handaki la mwamba. Nilijua."

Hakuna aliyeuliza kwa nini. Kila mtu alimtazama Muthama, halafu akatazama chini, na hilo ndilo lililomuuma Kalondu kuliko kama wangemzomea. Akanyoosha chuma kwa Kavindu.

"Nitakushikia kwa leo," Kavindu alisema.

Kitheka aliomba radhi, kisha akazungumza maneno mazuri. Kikundi kingeandika barua kwa kaunti zote mbili kuunga mkono watu wa ufuoni, na wangetuma akina mama wawili waende kueleza walivyokaa barabarani. Watu wakapiga makofi, wakaomba, wakatawanyika kwenda sokoni.

Basi la Mombasa lingepita Kambu saa nane. Muthama alipanda nyumbani, akarudi mtoni na begi lake begani. Mtu wa bodaboda aliyemwita alikuwa anangoja juu ya ukingo.

"Umekasirika," Kalondu alisema.

"Nimechoka. Sijakasirika." Akahamisha begi bega la pili. "Kwa kile kipimo cha pili hata mimi niliona aibu, nikanyamaza. Sijui ningenyamaza mpaka lini."

Kalondu alikuwa na neno alilolificha miaka mingi, na kwa kuwa siku yenyewe ilikuwa imeshaharibika, akalitoa.

"Baba Kasiva. Ungerudi bila malori?"

"Watu wa kule wanangoja jibu," Muthama alisema. "Yule mama wa kaburi, nilimwahidi nitarudi na lolote, liwe zuri, liwe baya. Na nguzo za kibanda nilishaanza kuzisimamisha upya, nyuma kidogo."

"Sijakuuliza hayo."

"Najua hujaniuliza hayo."

Akatoa chupa tupu ya plastiki mfukoni mwa begi, akampa. "Nichotee maji ya safari. Ya kule yana chumvi, hata chai huwa inakataa."

Kalondu akapiga magoti. Akachimba kwa mikono miwili, mchanga mkavu kwanza, kisha wa baridi, kisha wa majimaji unaomomonyoka kila akiutoa. Mkono ulipozama hadi kiwiko, maji yakaanza kujikusanya, mekundu. Akayamwaga. Yakaja mengine, akayamwaga nayo. Ya tatu yakaja meupe.

Juu ya ukingo honi ikalia.

"Yamejaa?" Muthama aliuliza.

"Bado."

Akachota nusu kiganja, akatiririsha kwenye mdomo wa chupa, akangoja. Akachota nusu kiganja tena. Maji yalikuwa yamefika juu ya kifundo cha mkono wake na yalikuwa yanazidi kupanda.

"Bado," alisema, ingawa safari hii hakuwa ameulizwa.

Muthama alisogea, akainama, akaona maji yalipofika na jinsi chupa ilivyo karibu tupu. Akashusha begi kwenye mchanga, akachuchumaa upande wa pili wa shimo, akamshikia chupa.