Darasa Lisilokuwepo

Shule yoyote isiyo na kitu lazima iwe na mtu wa kuomba, na katika shule hii mtu huyo alikuwa Katibu. Kwa kazi alikuwa mwalimu wa hesabu. Ukatibu wa kamati aliupata kwa kutofika mkutanini siku ya uchaguzi. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, lakini wahenga hawakuwahi kukaa kwenye kamati ya shule. Huko asiyekuwepo ndiye anayebebeshwa mzigo.

Mzigo wenyewe ulikuwa kuandika maombi ya ruzuku. Alitaka chumba cha wazazi kujifunzia kusoma, chenye vitabu, taa na mwalimu wa kulipwa. Wazazi wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo barua za shule walisomewa na watoto wao wenyewe, na mtoto aliyeitiwa mzazi kwa utundu aliisoma barua ile jinsi ilivyomfaa. Wapo akina mama waliofika ofisini wamevaa nguo za sherehe, wakidhani wameitwa kupokea zawadi.

Katibu aliomba huku na huku, akajibiwa kwa adabu kwamba hapana. Mfadhili wa mwisho alikuwa muungwana, akampa na sababu: wamesikia hapo mtaani tayari lipo darasa la watu wazima, la mtu anayejitolea, nao wanaanza na mahali pasipo na lolote.

Darasa hilo lilikuwa la Shangazi yake.

Shangazi alikuwa fundi cherehani. Ndiye aliyemlea Katibu baada ya wazazi wake kufariki, akamvalisha vipande vilivyobaki kwenye nguo za wateja, hata utotoni shati lake likawa na mikono ya rangi mbili. Ndiye pia aliyemfundisha kusoma kabla hajaanza shule, ingawa yeye mwenyewe shule aliiacha mapema. Kila alasiri soko likipoa, wanawake waliouza mboga na mkaa walikuja kukaa barazani pake, naye akawafundisha kwa maneno ya ufundi wake: kifua, kiuno, mkono, pindo. Ubao ulikuwa mlango wa kabati uliopakwa rangi nyeusi. Ada ilikuwa kuokota pini zilizoanguka. Mkali alikuwa, hakuna mfano. Mwanafunzi akikosea aliambiwa, “Fumua, anza upya,” kama vile ameshona kola nyuma mbele.

Basi siku moja mfadhili mwingine akatuma salamu: mgeni wake atakuja kujionea hali. Mwalimu Mkuu alifunga mlango wa ofisi kabla ya kusema.

“Katibu, mficha uchi hazai. Mgeni akija auone uchi wetu wote. Sasa hilo darasa la shangazi yako, ndugu yangu, ni nguo.”

“Nimwambie afunge?”

“Siku moja tu. Nani kasema afunge?”

Katibu alikwenda barazani miguu ikiwa mizito. Alipiga shikamoo, akaitikiwa, akazunguka na habari za jua na za bei ya nyuzi, mpaka Shangazi akatoa mguu kwenye cherehani.

“Tema basi, mwanangu. Umekuja na neno au umekuja kunizibia mwanga?”

Akalitema. Shangazi alicheka mpaka miwani ikateleza puani.

“Nimesikia mficha uchi hazai. Leo ndiyo nasikia mficha nguo anazaa!”

“Siku moja, Shangazi. Na fedha zikitoka, mwalimu wa kwanza ni wewe. Mshahara kila mwezi.”

Kicheko kikakatika. Shangazi akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga yake muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

“Mimi nilipwe kwa kufundisha?” aliuliza. “Mimi?”

“Wewe hasa.”

Hakuwa akimdanganya, na hilo lieleweke. Aliamini kila neno alilolisema. Ila mfadhili hakuwa amemuuliza.

Siku ya mgeni chumba cha darasa kilijaa wanawake, na madirishani walijaa watoto, maana mtoto na mgeni ni nzi na kidonda. Mgeni alikuwa mama wa makamo, mpole, asiye na makuu. Alikaa kwenye benchi pamoja na wanawake, kiti cha heshima akakikataa. Aliwauliza mambo ya maisha, wakamjibu kama walivyofundwa: hatujui, hatuna, hatujapata wa kutufundisha. Shangazi naye aliulizwa. “Nani atufundishe sisi?” alijibu, na kidogo sauti yake ikawa na uchungu wa kweli, Katibu akashukuru.

Kisha mgeni akatoa karatasi ya mahudhurio, akaiweka mezani pamoja na kalamu.

Hilo hakuna aliyeliwaza. Wa kwanza kwenye foleni alikuwa muuza vitunguu, mwanafunzi mgumu kuliko wote barazani, aliyefumua na kuanza upya mpaka wenzake wakamwonea huruma, na ambaye juzijuzi tu jina lake lilikuwa limekaa sawa. Kuiona kalamu uso ukamng'aa. Aliichukua, akauma mdomo, akainama. Alikuwa amesahau kabisa kwamba leo hajui.

Katibu aliona mambo yote yakimwagika. Akiandika huyu wataandika wote, na mgeni atauliza ni nani amewafundisha. Juu ya meza ile ile kulikuwa na kikopo cha wino wa mhuri wa shule. Akakivuta, akakifungua, akakisukuma mbele ya mama yule.

“Dole gumba tu, mama,” alisema, tena kwa sauti. “Usijitese na kalamu.”

Muuza vitunguu aliinua kichwa akamtazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyeuliza njia akaelekezwa shimoni, na bado hajaamini. Kalamu ilibaki hewani.

Ndipo Shangazi akainuka. Alipita foleni yote, akachovya dole lake kwenye wino, akaligandamiza kwenye karatasi.

“Maji ukishayavulia nguo sharti uyaoge,” alimwambia muuza vitunguu kwa sauti ya chini, akamtoa kalamu mkononi taratibu.

Baada yake wakafuata wote. Dole, dole, dole, karatasi nzima. Walipomaliza walijifuta kwenye nguo zao bila kutazamana. Mgeni aliishika ile karatasi kama anayeshika mgonjwa, akasema katika kazi yake yote hajaona haja iliyo wazi namna hii.

Jioni ile Mwalimu Mkuu alimkumbatia Katibu, akamwita jembe. Katibu alikwenda nyumbani akaoga, akaoga tena. Aliona aibu. Alijaribu kujiambia ni wino tu, wala hakuna aliyekufa. Ni kweli hakuna aliyekufa, lakini alijua alichokiona kikizimika usoni mwa yule mama, na alijua mkono uliokizima ulikuwa wa nani.

Ruzuku ilitoka. Shule ilishangilia, chumba kikapakwa rangi, vitabu vikaja vikinuka upya. Pamoja na hayo yakaja masharti, na mojawapo lilisema mwalimu lazima awe na cheti.

Katibu alimkimbilia Mwalimu Mkuu. “Tuwaandikie. Tuwaombe wamkubali Shangazi kwa uzoefu.”

“Uzoefu wa nini?” Mwalimu Mkuu aliuliza, wala hakuwa akifanya mzaha. “Si tumesema hapakuwa na darasa? Uzoefu ameupata wapi, ndotoni?”

Hapo Katibu akaona jinsi kamba aliyoisokota mwenyewe ilivyomfunga. Ili ampiganie Shangazi ilibidi aseme kwamba yupo.

Alikwenda kumwambia akiwa amesimama, hakuthubutu kukaa. Shangazi alisikiliza huku akitunga uzi kwenye sindano. Ulimkataa mara kadhaa.

“Kumbe,” alisema mwishowe. “Basi wapeni wenye vyeti, mwanangu. Mimi nina suruali za watu hapa.”

“Darasa lako endelea nalo, Shangazi. Siku ilikuwa moja.”

“Niendelee na nani?”

Katibu akageuka. Ilikuwa alasiri, saa ya masomo, na barazani hapakuwa na mtu. Pini zilikuwa zimetapakaa chini, haziokotwi.

Alikwenda sokoni. Muuza vitunguu alikuwa akimenya maganda makavu, akamsalimu kwa heshima zote za kumsalimu mwalimu, na heshima ile ilimuuma kuliko tusi.

“Mama, chumba kiko tayari. Njooni mjiandikishe.”

“Nimesikia, mwalimu.”

“Na kwa Shangazi hamwendi?”

Aliendelea kumenya. “Siku ile binti yangu alikuwa dirishani. Nilikuwa nimemwonyesha jina langu, nimeliandika kwenye mfuko wa unga. Akaringa nalo shule nzima. Halafu akaniona naweka dole.” Akapuliza maganda. “Usiku akaniuliza, ‘Mama, lile jina alikuandikia nani?’ Nimwambie nini? Nimwambie mwalimu wako ndiye aliyetaka niwe mjinga? Kesho atakusikilizaje darasani?”

Katibu alinunua vitunguu asivyovihitaji, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kuondoka pale.

Mchuma janga hula na wa kwao, na Shangazi akala sehemu yake mpaka mwisho. Siku ya kufungua darasa mgeni alirudi, na mabenchi mapya yalikuwa matupu. Mwalimu Mkuu alikuwa akizunguka kama kuku anayetaka kutaga. Ndipo alipotokea Shangazi kwenye lango, mbele ya wanawake wachache aliowatoa sokoni kwa kuwabembeleza na kuwakaripia. Muuza vitunguu hakuwamo. Shangazi aliingia, akakaa benchi la mbele, akaweka mikono juu ya meza.

Mwalimu mwenye cheti alikuwa kijana mchangamfu, na moyo wake ulikuwa safi. Alitaka kumwonyesha mgeni kazi. “Nani ataanza? Haya, bibi yetu wa mbele, usiogope.” Akamwinua Shangazi, akampeleka ubaoni, akampa chaki. Kisha akaushika mkono wake kwa juu ili auongoze, kama anavyoshikwa mtoto, akasema polepole, “Hii tunaiita a.”

Katibu alisimama. Hakupanga; alijikuta tu yuko wima, na kiti kimeanguka nyuma yake.

“Mwache,” alisema. “Huyo ni mwalimu. Huyo ndiye aliyenifundisha mimi kusoma. Na hawa wote amewafundisha yeye. Darasa lilikuwepo, mama mgeni. Tulilificha. Mimi nililificha.”

Mwalimu Mkuu alifumba macho. Mgeni alimgeukia Shangazi, akauliza kwa upole, “Ni kweli, mama?”

Shangazi alitazama rangi mpya ukutani. Akatazama vitabu rafuni, akawatazama wanawake aliowaleta. Mwisho akamtazama Katibu, kisha akacheka kile kicheko chake chote, cha kutetemesha miwani.

“Msamehe mwanangu,” alisema. “Ana huruma huyu, hapendi kuniona naaibika. Mimi nilimfundisha adabu tu, na hata hiyo mnaona haikumkaa vizuri. Kusoma kafundishwa shuleni.”

Watu wakacheka kwa kushusha pumzi. Mgeni naye akatabasamu, akamtazama Katibu kwa upendo, kama anavyotazamwa mtoto anayemtetea mzazi wake. Katibu alifungua kinywa tena, na hapo hapo akaelewa kwamba sasa kila neno la kweli atakalolisema litamfanya Shangazi kuwa mwongo mbele ya wote.

“Kaa, mwanangu,” Shangazi alimwambia. “Unatuchelewesha.”

Akainua kiti, akakaa. Shangazi aligeukia ubao, akauacha mkono wake uongozwe, akaandika a iliyopinda, yenye tumbo kubwa na mkia usiofika. Alisogea nyuma akaitazama.

“Nimepata?” alimuuliza kijana.

Mgeni akaanza kupiga makofi, chumba kizima kikamfuata, na Katibu naye akapiga.